Kesi ya ngedere, hakimu kocha

Julai 9, 2024, mjini Las Vegas, kocha Mike Gundy wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Oklahoma State alipanda jukwaani kuzungumza na waandishi wa habari. Siku tisa kabla ya hapo mchezaji wake nyota, Ollie Gordon, alikuwa amekamatwa na polisi kwa tuhuma za kuendesha gari akiwa amelewa. Gordon alikuwa na miaka 20, umri ambao Marekani hauruhusu hata bia moja. Msimu uliopita alikuwa ametwaa tuzo ya Doak Walker, inayotolewa kwa mkimbiza mpira bora wa vyuo nchi nzima. Waandishi walikuwa na swali moja: atafungiwa mechi ngapi?

Hakufungiwa. Gundy alisimulia kwamba alichukua simu yake akapiga hesabu ya bia zinazomfikisha mtu kwenye kiwango kile cha pombe, akaona ni mbili tatu, labda nne. Halafu akajiambia kuwa hilo jambo yeye mwenyewe pengine amelifanya mara elfu moja maishani, ila alikuwa na bahati. Adhabu aliyoiona inafaa ni kumpa Gordon mpira mara 50 katika mechi ya kwanza. Kelele zilipopanda, siku ileile akaandika mtandaoni kujieleza. Agosti 31 ligi ikaanza, Gordon akacheza, akafunga mara tatu.

Watu walizikamata zile bia na zile mara elfu moja. Mimi nilibaki na ile simu. Mtu mmoja amekaa na simu yake, yeye ndiye mpelelezi, yeye ndiye hakimu, na mshtakiwa ndiye anayemfungia pointi. Waswahili tuna jina la mahakama ya namna hii: kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Kwa aliyezoea Simba na Yanga, hapa pana la kueleza kwanza. Futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu kichwani, ikichezwa na vyuo si mambo ya bonanza la wanafunzi. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam unaingiza watu 60,000. Ule wa chuo cha Penn State unaingiza zaidi ya 106,000. Nebraska imeuza tiketi zote za kila mechi ya nyumbani tangu 1962. Makocha wakubwa wanalipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, na katika majimbo mengi kocha ndiye mtumishi wa umma mwenye mshahara mkubwa kuliko wote, gavana akiwemo. Mtu huyu akishinda anajengewa sanamu, akifungwa misimu miwili anafukuzwa. Huyo ndiye tunayemwomba aamue bila upendeleo kama mkimbiaji wake bora akae nje Jumamosi.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mchezaji akikamatwa anaangukia kesi tatu kwa mpigo, na kila moja ina sheria zake. Ya kwanza ni ya mahakama, ambako mwendesha mashtaka lazima athibitishe kosa bila kuacha shaka ya maana, na hilo linaweza kuchukua mwaka au zaidi. Ya pili ni ya chuo chenyewe. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972, maarufu kama Title IX, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, na kwa sababu hiyo chuo kikipata taarifa ya shambulio la kingono kina wajibu wa kulishughulikia hata kama polisi hawajafungua jalada. Kipimo cha ushahidi huko kwa kawaida kiko chini ya kile cha mahakama. Ya tatu ni ya kocha, na hii haina kipimo chochote. Kocha anaweza kufukuza kwa tetesi au akasamehe kosa lililokiriwa, na hadaiwi hukumu ya maandishi.

Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, mtu angedhani ndicho kingepanga adhabu. Kitabu chake cha kanuni ni kinene, kimejaa masharti ya namna ya kusajili vijana, alama za darasani na fedha. Ukitafuta ndani yake mchezaji aliyempiga mtu afungiwe mechi ngapi, hutapata.

Hoja nzito kuliko zote ya kumwachia kocha uamuzi ilitolewa Nebraska mwaka 1995, na aliyeitoa hakuwa mtu wa ovyo. Kocha Tom Osborne alikuwa muumini, mpole wa kauli, msomi mwenye shahada ya uzamivu katika saikolojia ya elimu, na baadaye wananchi walimchagua kwenda Bunge la Marekani. Septemba 9 mwaka huo timu yake iliichapa Michigan State 50-10, na mkimbiza mpira Lawrence Phillips akafunga mara nne. Saa chache baadaye, alfajiri haijafika, Phillips alipanda hadi ghorofa ya tatu ya jengo alimokuwa aliyekuwa mpenzi wake, akaingia ndani, akamshambulia na kumburuta kwenye ngazi.

Osborne alitangaza kwamba Phillips hayumo tena kikosini. Siku hazikupita nyingi akalegeza: anaweza kurudi akitimiza masharti, ikiwemo kupata ushauri nasaha na kuhudhuria masomo. Phillips hakupinga mashtaka mahakamani. Alikosa mechi sita. Januari 2, 1996 alikuwa uwanjani Arizona, akakimbia yadi 165, Nebraska ikaifunga Florida 62-24 na kuwa bingwa wa taifa.

Osborne alijitetea kwamba Phillips alikulia kwenye makazi ya watoto wasio na walezi huko California, na futiboli ndiyo nguzo pekee iliyoshikilia maisha yake. Ukiing'oa, nyumba yote inaanguka. Hoja hii siidharau. Mtoto akikunyea mkono huukati, unauosha, na kocha wa chuo kwa vijana wengi wa aina ya Phillips ndiye mtu mzima wa kwanza aliyewahi kuwauliza jana ulilala wapi.

Lakini itazame kwa karibu. Kama dawa ya kijana ilikuwa mazoezi ya asubuhi, chakula cha pamoja, masomo, mshauri na mtu wa kumfuatilia, vyote hivyo angeweza kuvipata bila kuvaa jezi Jumamosi. Skolashipu ingebaki, chumba kingebaki, kocha angemwita ofisini kila siku. Fainali ya ubingwa haimo kwenye dozi hiyo. Fainali ni zawadi. Osborne alifunga malezi na jezi kwenye kifurushi kimoja, kisha akasema ukichukua kimoja umechukua vyote, na bahati njema kwake ni kwamba kifurushi hicho kilikuwa na yadi 165 ndani yake. Tena yule dada naye alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, mchezaji wa timu ya kikapu. Nguzo ya maisha yake yeye ilishikiliwa na nani?

Phillips alichaguliwa wa sita katika usajili wa ligi kuu ya kulipwa mwaka huohuo. Hakudumu. Baadaye alifungwa California zaidi ya miaka 30 kwa kuwagonga vijana kwa gari na kumshambulia mwanamke mwingine, na Januari 2016 alikutwa amekufa gerezani. Simtwishi Osborne maisha yote ya mtu mzima mwingine. Ninachosema ni kwamba zile mechi za mwisho za msimu wa 1995 hazikumsaidia Phillips kwa lolote tunaloweza kulionyesha kidole, na ziliisaidia Nebraska kwa kitu kinachoonekana kabatini hadi leo.

Penn State walionyesha jinsi mzozo huu unavyokuwa ndani ya ofisi. Vicky Triponey, aliyesimamia masuala ya wanafunzi pale, alitaka wachezaji wapitie mfumo uleule wa nidhamu unaowahusu wanafunzi wengine. Kocha Joe Paterno, aliyekuwa pale tangu wengi wa wakubwa wa chuo wakiwa watoto, aliamini wachezaji wake ni kazi yake. Barua pepe za Triponey za mwaka 2005, zilizotoka hadharani miaka sita baadaye, zinamwonyesha akilalamika kwamba kocha hataki hata umma ujulishwe pale mchezaji anapokutwa na kosa kubwa. Aprili 2007 kundi la wachezaji lilivamia sherehe kwenye nyumba moja nje ya chuo, ugomvi ukazuka, watu wakaumia. Paterno akatoa adhabu yake: timu nzima, wenye kosa na wasio na kosa, isafishe uwanja baada ya kila mechi ya nyumbani.

Hebu ione hiyo picha. Jumapili asubuhi, vijana wenye miili ya milango wanapita safu kwa safu wakiokota vikombe na maganda yaliyoachwa na watu laki moja. Kama malezi, mimi naipenda. Inachosha, inafedhehesha kidogo, inawafunga pamoja. Kama haki, haitoshi, kwa sababu aliyevunjwa uso kwenye ile nyumba hakuwa na ugomvi na usafi wa uwanja. Triponey aliacha kazi mwaka huohuo. Paterno alibaki mpaka 2011, alipoondolewa kwa kashfa nyingine, kubwa kuliko hii na ya kutisha zaidi.

Baylor, chuo cha Kibaptisti mjini Waco, Texas, kilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2016 mawakili waliokodiwa na chuo kuchunguza walisema kwamba benchi la futiboli lilikuwa na mfumo wake wa ndani wa nidhamu, na kwamba kuna nyakati makocha au wasaidizi wao walikutana na mlalamikaji au mzazi wake ana kwa ana, kisha hawakupeleka taarifa popote. Mama anakwenda kwa kocha kusema kijana wako amemfanyia hivi mwanangu, anasikilizwa, anaaga, na habari inaishia kwenye kile kiti. Kocha Art Briles aliondolewa, rais wa chuo naye akavuliwa cheo chake. Agosti 2021 NCAA ikamaliza uchunguzi wake na kukiri kwamba, pamoja na ubaya wote, haikupata kanuni yake ya kuiadhibu Baylor kwa namna ilivyoshughulikia mashambulio ya kingono.

Kuna ushahidi mwingine wa udhaifu wa mizani ya kocha, nao unatoka chuo cha Oklahoma. Julai 2014 Joe Mixon, kijana mpya aliyesajiliwa kwa matarajio makubwa, alimpiga ngumi mwanamke katika mgahawa mmoja mjini Norman, akamvunja mifupa ya uso. Kamera ilirekodi. Viongozi wa chuo waliiona video. Uamuzi ukawa kumweka nje msimu mmoja, bila kumfukuza. Desemba 2016, baada ya mvutano wa kisheria uliofika Mahakama Kuu ya jimbo, video ilitolewa kwa umma. Kocha Bob Stoops akasema kwamba kama tukio lile lingetokea sasa, adhabu pekee inayofaa ingekuwa kumfukuza. Ngumi ilikuwa ileile, video ileile. Kilichoongezeka ni macho ya watu.

Basi wengine wanasema: iwe rahisi, akikamatwa atoke. Steve Spurrier, alipokuwa South Carolina, alikuwa na kanuni ya sentensi moja, ukimpiga mwanamke huna timu. Napenda ufupi wake. Ila sentensi hiyo inaanzia pale ambapo tayari inajulikana kwamba amepiga.

Mwaka 2006 chuo cha Duke kilifuta mechi zote zilizobaki za msimu za timu yake ya lakrosi, mchezo wa fimbo zenye wavu, baada ya wachezaji kutuhumiwa kwa ubakaji; watatu wakaja kushtakiwa. Mwaka uliofuata Mwanasheria Mkuu wa North Carolina alifuta mashtaka na kutamka wazi kwamba vijana wale hawana hatia, na mwendesha mashtaka aliyeisukuma kesi akapoteza leseni yake ya uwakili. Karibu zaidi na sisi, Desemba 2023, Terrence Shannon wa timu ya kikapu ya Illinois alishtakiwa kwa ubakaji, na chuo kikamsimamisha palepale kwa mujibu wa sera yake. Alikwenda mahakama ya shirikisho. Jaji akaamuru arudishwe kwa muda, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba sasa mchezaji wa chuo anaingiza fedha kwa jina na sura yake, kwa hiyo kumfungia ni kugusa riziki yake na hakuwezi kufanywa bila kusikilizwa ipasavyo. Juni 2024 baraza la wazee wa mahakama likamkuta hana hatia. Wiki mbili baadaye alisajiliwa ligi ya kulipwa.

Ukiziweka kesi hizi upande mmoja na za Phillips na Mixon upande mwingine, utaona kosa ni lilelile. Kote wamechanganya kusimamisha na kuadhibu. Daktari anayetuhumiwa anaweza kuwekwa pembeni huku akilipwa mshahara, na hakuna anayesema ameshahukumiwa. Mchezaji anayeshtakiwa kwa kosa la kuumiza mtu anaweza vilevile kuwekwa nje ya mechi huku akibaki na skolashipu, daktari, mwalimu na mazoezi, mradi jambo lake lisikilizwe haraka na mtu asiye na maslahi na matokeo ya Jumamosi. Uamuzi huo uwe wa chuo, kwa kanuni zilizoandikwa kabla msimu haujaanza, wakati hakuna anayejua itamwangukia nyota au mchezaji wa akiba. Kocha asiwemo kwenye chumba hicho. Akiambiwa jambo na mlalamikaji, kazi yake iwe moja: kulipeleka panapohusika siku hiyohiyo na kutoligusa.

Makosa madogo mwachieni. Kuchelewa, matusi, ugomvi wa bwenini, hapo mzazi wa timu anajua kuliko kamati yoyote. Septemba 2014 Jameis Winston wa Florida State, aliyekuwa mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, alifungiwa mechi moja kwa kupiga kelele za matusi hadharani chuoni. Siku ya mechi dhidi ya Clemson akatoka vyumbani amevaa kila kitu, mapedi na jezi, akaanza kupasha misuli kama kawaida. Kocha Jimbo Fisher akamrudisha ndani akavue. Hakuna kamati ingeweza kufanya lile.

Pombe na mwendokasi ndiyo makosa yanayonisumbua, kwa kuwa yako katikati. Makocha huyaweka kwenye fungu la utoto, na hapo ndipo hesabu za Gundy zilipotokea. Usiku wa kuamkia Januari 15, 2023, saa chache baada ya gwaride la ubingwa la Georgia, magari mawili yalishindana mbio mjini Athens. Moja liliacha njia, likamuua mchezaji Devin Willock na mfanyakazi wa timu, Chandler LeCroy, aliyekuwa akiendesha. Mtu angedhani baada ya mazishi yale hakuna kijana wa timu hiyo angekanyaga mafuta tena. Waliendelea kukamatwa, mmoja baada ya mwingine. Julai 2024 kocha Kirby Smart alieleza kwamba wameanza kuwatoza faini kupitia mfuko wa wafadhili unaowalipa wachezaji. Faini ni silaha mpya, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa hiyo adhabu hizi zitaingia kwenye mikataba. Sijui kama kijana anayeendesha gari la bei ya nyumba anaumwa na faini. Kukaa benchi kunamuuma, ila benchi linamuuma na kocha pia.

Na kumfukuza mtu nako kuna mlango wa nyuma. Georgia ilimtimua Jonathan Taylor mwaka 2014 baada ya kukamatwa kwa tuhuma za kumpiga mpenzi wake. Akapita chuo kidogo, na Januari 2015 Alabama ikamchukua. Machi akakamatwa tena kwa tuhuma za aina hiyohiyo, zilizokuja kukanushwa na aliyezitoa, Alabama nayo ikamtoa. Mei mwaka huo vyuo vya ukanda wao, SEC, vikapitisha kanuni ya kutopokea mchezaji aliyefukuzwa kwingine kwa ukatili wa namna hiyo. Ni kanuni nzuri, lakini nje ya SEC kuna vyuo vingine vingi vyenye nafasi ya mlinzi mnene.

Mtu akiniuliza basi kocha abaki na kazi gani ukishamnyang'anya rungu, nitampeleka Minnesota. Desemba 2016 chuo kiliwasimamisha wachezaji kumi kufuatia uchunguzi wa tuhuma za shambulio la kingono. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaamua kutofungua kesi. Wachezaji wenzao wakagoma: walisimama mbele ya kamera wamevaa jezi, wakatangaza hawatacheza Holiday Bowl, mechi yao ya kufunga msimu, mpaka wenzao warudishwe. Kocha Tracy Claeys akaandika mtandaoni kwamba hajawahi kujivunia vijana wake kiasi kile.

Kisha ripoti ya uchunguzi, kurasa 82, ikavuja kwenye vyombo vya habari. Siku mbili baada ya kutangaza mgomo, wachezaji walirudi mbele ya kamera zilezile na kuufuta. Waliosimamishwa wakapitia vikao vya nidhamu vya chuo. Baadhi yao wakafukuzwa, wengine wakaondolewa lawama.

Claeys aliahidi kutoa dola 50,000 kusaidia waathirika wa ukatili wa kingono. Timu ilikwenda San Diego ikaifunga Washington State 17-12. Wiki moja baadaye, Januari 3, 2017, alifukuzwa kazi.